Bukini: Ufalme, Ukoloni na Uhuru

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa kusema habari za Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini. Sisi ni watu wa kalamu, na habari za nchi ile zina fundisho kwa kila ashikaye kalamu.

Mfalme Radama wa Kwanza, wa Wamerina wa nyanda za juu, alitawala tangu 1810 hata 1828. Mwaka 1817 alipatana na Waingereza wa Morisi: yeye akomeshe kuuza watumwa nje, nao wamtambue kuwa Mfalme wa Bukini, ijapokuwa sehemu nyingi za kisiwa zilikuwa hazijamtii. Mwaka 1820 wamisionari walifungua shule Antananarivo. Waandishi wa zamani walitumia herufi za Kiarabu. Mwaka 1823 Mfalme akaamuru lugha yao iandikwe kwa herufi za Kirumi. Basi serikali ikapata makarani wengi.

Lakini kalamu hukata pande mbili. Mwaka 1855 mwana wa Malkia Ranavalona wa Kwanza alimtilia sahihi Mfaransa mmoja, Joseph Lambert, hati ya kumpa haki kubwa za ardhi na madini. Alipokuwa mfalme aliithibitisha. Mwaka 1863 akauawa. Serikali mpya ikaivunja hati ile, na ilipofika 1865 ililazimika kulipa fidia ya zaidi ya faranga milioni moja.

Waziri Mkuu Rainilaiarivony, aliyeshika kazi tangu 1864, alikuwa mtu wa busara. Mwaka 1881 alitoa sheria zenye vifungu 305. Wafaransa wakapigana naye tangu 1883, na tarehe 17 Desemba 1885 mkataba ukaandikwa. Bukini italipa faranga milioni 10, na Ufaransa itaiwakilisha katika mambo yote ya nje. Neno "himaya" halikuwamo. Waziri Mkuu aliona hatari, akataka maelezo. Januari 1886 wajumbe wa Ufaransa wakampa barua ya kupunguza makali ya mkataba. Yeye akaitegemea barua. Serikali ya Paris ikasema barua si sehemu ya mkataba. Wakagombana miaka mingi juu ya jambo linaloonekana dogo: ni nani apokee hati za mabalozi wa kigeni? Kumbe ndilo lililoonyesha mwenye nchi ni nani.

Mwaka 1890 Uingereza ilikubali himaya ya Ufaransa katika Bukini, na Ufaransa ikakubali himaya ya Uingereza katika Unguja. Malkia wa Bukini hakuwamo katika mapatano hayo. Mwaka 1895 jeshi la Wafaransa liliingia Antananarivo. Mwaka 1896 sheria ya Paris ikakifanya kisiwa kuwa koloni. Mwaka 1897 ufalme ulifutwa, na Malkia Ranavalona wa Tatu akahamishwa Réunion, kisha Algiers, ambako alifariki mwaka 1917.

Tarehe 29 Machi 1947 watu waliondoka kwa silaha, na maelfu wakafa. Mwaka 1958 Jamhuri ilitangazwa, na sheria ile ya 1896 ikahesabiwa kuwa imekwisha. Uhuru ulipatikana tarehe 26 Juni 1960, na Rais alikuwa Philibert Tsiranana, aliyepata kuwa mwalimu. Hata hivyo mapatano mengine yaliwaachia Wafaransa vituo vya jeshi, na fedha ikafungamana na faranga yao. Hayo yalibadilishwa mwaka 1973.

Mabwana, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Naongeza kwamba nchi nayo ni mali. Ahadi isiyotiwa ndani ya mkataba haimfungi aliyeitoa. Karani aliye mwaminifu ni yule amwambiaye mkubwa wake, kabla wino haujakauka: "Bwana, neno hili halimo." Pengine atakemewa, lakini akinyamaza, watakaolipa ni wajukuu.