Imani Inayorudisha Ng'ombe

Mulot ni mji wa mpakani. Ng'ambo hii ya mto Amala ni Bomet, ng'ambo ile Narok. Mchana Mkipsigis na Mmaasai huvutana bei sokoni. Usiku ng'ombe akipotea, kila mmoja humtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Jumapili wote wako kanisani. Mahali kama hapo ndipo pa kuuliza: mtu aliyekariri Amri Kumi na kumjibu katekista bila kukwama, imani yake itajulikanaje kuwa imeshuka kutoka kichwani hadi zizini?

Swali hilo lina historia Afrika Mashariki. Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa Wakristo wa miaka mingi, na wote waliona wamepungukiwa. Walisoma Biblia na kusali pamoja, wakaachana wakiwa watu wengine. Miaka iliyofuata, uamsho uliotokea Gahini ulivuka mipaka hadi Kenya na Tanganyika, na waliouingia wakaitwa Balokole, yaani waliookoka.

Majirani hawakuwatambua kwa mahubiri, maana mahubiri yalikuwa yamejaa tele. Waliwatambua kwa kuona mtu akibisha hodi mchana kweupe, amebeba alichoiba zamani. Dhambi ilitajwa hadharani, deni likalipwa. Hilo ni gumu kuliko kukariri.

Kisa cha Mukono, Uganda, kinachoma zaidi. Mwaka 1941, katika chuo cha Bishop Tucker, wanafunzi Balokole waliokuwa wakiandaliwa kuwa wachungaji walikuwa wakiamka alfajiri kusali na kuhubiri. Mkuu wa chuo akawakataza. Hawakutii, na 26 wakafukuzwa, William Nagenda akiwa mmojawapo. Tusiwapambe: Balokole walikuwa na kelele, na wepesi wa kumhukumu asiyeshuhudia kama wao. Hata hivyo inashangaza kwamba chuo cha kufundisha imani kilishindwa kukaa na vijana walioichukulia kwa uzito huo.

Kenya ilikuja na mtihani wake baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952. Ndugu wa uamsho huko Ugikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Pande zote mbili ziliwashuku, na wengine waliuawa. Hapo hakuna aliyeulizwa katekisimu.

Karibu na Mulot kuna mfano usio na kelele. Hospitali ya Tenwek ilianza kama zahanati ya wauguzi wa misheni. Ernie Steury, daktari wake wa kwanza, alifika mwaka 1959 na kufanya kazi peke yake kwa miaka kadhaa. Mgonjwa hakuhitaji kuelezwa theolojia ya daktari huyo. Aliiona usiku, taa ya chumba cha upasuaji ikiwa bado inawaka.

Leo mizani iko mikononi mwa watu wa kawaida: mnunuzi anayepima viazi, mwenye ng'ombe aliyekuta ndama asiye wake zizini. Na mkulima wa chai wa Bomet au Kericho, mzee wa kanisa, ambaye bado hajamlipa mchumaji wake, ajue kwamba bonasi ya chai hulipwa karibu na Oktoba; ikifika, amlipe. Asingoje mahubiri mengine.