Kambi ya ndege iliyogeuka kijiji
Maneno ya timu ya uwanjani mbele ya mkutano wa wanachama



Mkutano uliopita mlituuliza swali, tukashindwa kulijibu papo hapo. Kama leta inatupatia kiwanja cha kambi ya zamani ya askari, tukubali ama tukatae? Mzee mmoja alisema kambi ni kambi tu, hata ukiipanda mihogo. Mama mmoja akamjibu kwamba mihogo haiulizi nani alilala hapo. Tulicheka, lakini swali lilibaki. Basi tulienda kutafuta mahali ambapo jambo hilo lilishafanyika. Tukapata moja la mbali, ila ndani yake kuna watu wa jirani zetu.

Liko Uingereza, katika jimbo la Kent, karibu kilomita 50 kutoka London. Leo panaitwa Kings Hill, kijiji cha watu zaidi ya 7,000, chenye shule, maduka, ofisi na uwanja wa golfu. Zamani palikuwa uwanja wa ndege za vita, kwa jina West Malling. Jeshi la anga lilianza vita hapo mwaka 1940, na marubani wake walikuwa wanawinda ndege za Wajerumani usiku. Usiku mmoja wa Aprili 1943 rubani Mjerumani alipotea njia, akatua hapo akidhani yuko Ufaransa. Kumbe ameshuka mikononi mwa adui. Wale kati yetu waliovuka Tanganyika usiku wanajua mtu anavyoweza kukosea ng'ambo.

Askari waliondoka mwaka 1969. Mwaka uliofuata, serikali ya jimbo la Kent ikaununua uwanja. Shikeni hilo, tutalirudia.

Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Watu kama 28,000 walikimbilia Uingereza. Walitoka na masanduku na pesa kidogo sana. Duka, nyumba, mashine, vyote vilibaki. Ndege ya kwanza ilitua Stansted tarehe 18 Septemba. Serikali ilifungua kambi 16 za kuwapokea, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi, na West Malling ilikuwa moja yao. Watu waliotoka kwenye jua la Kampala na Jinja wakalazwa kwenye nyumba za askari, majira ya baridi yakiingia. Wamama wa kujitolea waliwagawia makoti na chai. Foleni, posho, kusubiri jina lako lisomwe: hayo hatuna haja ya kuwaeleza ninyi.

Kulikuwa na bodi ya kuwapangia makazi. Iliigawa nchi katika maeneo mekundu, wasikotakiwa kwenda, na ya kijani, wanakokaribishwa. Mji wa Leicester ulifika hata kutoa tangazo kwenye gazeti la Uganda: msije kwetu. Walienda hata hivyo, na wengi, maana ndugu zao walikuwa huko. Siye hatushangai. Nani hapa alishuka kwenye boti ya HCR Baraka, akabaki pale alipoandikiwa, wakati shangazi yake yuko kijiji kingine?

Basi kambi ikabaki tupu. Hapo ndipo tunaomba mtusikilize vizuri. Wale watu wa Uganda walilala West Malling, watoto wao walicheza hapo, lakini hawakuanzisha kijiji. Hakuna aliyewaambia: hapa ni penu. Kijiji kilikuja nyuma yao, kuanzia mwaka 1989, pale jimbo la Kent lilipoungana na kampuni ya Marekani kujenga ofisi, nyumba na shule kwa mpango. Mnara wa kuongozea ndege haukubomolewa. Umekuwa mahali pa kunywa kahawa. Jengo walimokuwa wanalia maofisa likawa ofisi za wilaya, na barabara yake ina jina la rubani Gibson.

Kilichotokea kati ya 1970 na 1989 hakina hadithi tamu, na sisi tunakiona ndicho kikubwa. Karibu miaka 20 mwenye ardhi alijulikana, na karatasi ilikuwepo. Siku mpango ulipokuja, kulikuwa na mtu wa kuongea naye. Lakini tusidanganyane: kile kijiji hakikujengwa kwa ajili ya maskini, na nyumba zake ni za bei. Mwenye karatasi ndiye aliyechagua.

Wafadhili watatuvumilia tukisema na letu. Sisi wenyewe tuliwahi kusaidia kusimamisha nyumba kwenye ardhi ambayo karatasi yake hatukuiomba. Tuliamini neno la mdomo, kwa sababu mabati yalikuwa yameshafika na mvua ilikuwa karibu. Mwenye ardhi akarudi na barua yake. Familia zikang'oa mabati zenyewe, tena tukiwa tunaangalia. Mbele ya wale wamama hatukuwa na la kusema, na mpaka leo tukikutana nao sokoni tunasalimia haraka haraka.

Kwa hiyo jibu letu ni tukubali kile kiwanja, ila hakuna hata fito moja kusimama kabla ya karatasi kutoka kwa jina la shirika letu. Wenye shamba wa kabla ya askari waulizwe kwanza, shefu wa kijiji akiwepo, wasije wakatufuata baadaye na mapanga. Na watu wa kutegua mabomu wapite, maana askari wakihama wanaacha vitu ardhini, na watoto wetu wanalima pieku.

Jumamosi, kamati ya watu watano itaenda kwa shefu. Tumemuomba yule mzee wa mihogo awe mmoja wao. Bado anakataa kiwanja, lakini kwenda amekubali. Mwenye barua yoyote ya ardhi ile, hata iliyoliwa na mchwa, ailete kwa sekreteri kabla ya Ijumaa jioni.