Mgodi wa Dhahabu na Haki ya Mfanya Kazi
(Hotuba kwa wanachama, Nyeri)



Huku kwetu hatuchimbi dhahabu. Tunachonga mawe ya kujengea. Lakini vijana wetu husafiri kutafuta kazi popote, na vumbi la jiwe halibagui. Kwa hiyo leo tuutazame mgodi wa dhahabu, tangu kuanzishwa hata kufungwa.

Dhahabu ya Kakamega ilivumbuliwa mwaka 1931. Sheria ya 1930 iliwaahidi wenyeji kwamba ardhi yao ikichukuliwa watapewa nyingine badala yake. Mwishoni mwa 1932 serikali ya kikoloni iligeuza sheria ile: kwa ajili ya machimbo, fidia yaweza kuwa fedha tu. Ahadi haikudumu hata miaka mitatu!

Kazi yenyewe ni hii. Mwamba hutobolewa, hupasuliwa kwa baruti, hupandishwa juu, husagwa ukawa unga. Kisha dhahabu hutolewa kwa sumu iitwayo sianidi. Tani nzima ya mawe huweza kutoa gramu chache tu. Hayo mengine ni jasho na vumbi. Vumbi hilo huingia katika mapafu, hukaa humo, na baada ya miaka humkaba mtu pumzi. Dawa ya kuliondoa hakuna.

Kisha mgodi hufungwa. Tangu 1934 bei ya dhahabu ilifungwa kwa dola 35 wakia moja, na huku gharama zikipanda. Mgodi wa Rosterman, mkubwa wa Kakamega, ulifungwa mwaka 1952. Mwenye mali huondoka na dhahabu. Mfanya kazi hurudi nyumbani na kikohozi.

Huko Afrika ya Kusini, mwaka 2018, makampuni sita yalikubali kulipa kiasi cha randi bilioni 5 kwa wachimbaji walioharibiwa mapafu. Ni ushindi, lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 hugawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 wenyeji. Fungu la mfanya kazi halimo. Hilo hupatikana kwa mapatano ya chama.

Basi, awe mgodini au katika machimbo yetu ya mawe, kila mwanachama adai haya mapema: maji ya kuzima vumbi, kupimwa kifua kila mwaka, na malipo ya kuachishwa yaliyoandikwa. Tusingoje shimo lifungwe.

Umoja ni nguvu.