BUSTANI YA KIANGAZI: TULICHOTOKA NACHO MULANDA NA IYOLWA

Mazungumzo ya kikundi cha bustani, yaliyosomwa siku ya kumbukumbu



Tumeombwa tuseme machache juu ya mboga na maua ya kienyeji. Tutaanzia Mulanda, maana huko ndiko tulikojifunza.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilituvusha mpaka wa Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008. Kilikuwa kiangazi. Kituo cha Mulanda, wilayani Tororo, kilikuwa cha muda tu. Unga na maharagwe tulipata, mboga hapana. Tulipoambiana tupande, tulikosana, hata mume na mke. Wengine walisema, "Kupanda ni kukubali kwamba haturudi nyumbani." Wengine waliuliza, "Nani atavuna, ikiwa kesho tutapakiwa kwenye lori?"

Akina mama waliokwenda kufanya vibarua upande wa Iyolwa ndio waliomaliza ubishi. Walirudi na mbegu zimefungwa kwenye pindo la leso, zawadi ya akina mama wa Kipadhola. Lugha hatukuelewana, lakini mgagani ni mgagani; Mluo anauita dek, Mwacholi akeyo. Mchicha nao, ambao Wakikuyu tunauita terere, hauulizi utakaa miaka mingapi. Baada ya wiki tatu au nne unachuma.

Basi haya ndiyo tuliyoyazoea:

Kwanza, kiangazi panda karibu na bafu au pale unapooshea vyombo. Maji yaliyokwisha tumika, yasiyo na sabuni nyingi, yanatosha tuta dogo au gunia la udongo na samadi. Mwagilia jioni, kisha funika udongo kwa nyasi kavu.

Pili, mbegu za mrenda ni ngumu. Zifunge kitambaani, zichovye katika maji yanayochemka kwa sekunde chache, kisha uzipoze na kuzipanda.

Tatu, mgagani ukatwe vichwa vya maua mapema, utatoa majani kwa muda mrefu zaidi. Mbegu zake mpya hazioti vizuri; ziweke miezi kadhaa kwanza.

Nne, mitoo na kunde hurudishia udongo rutuba. Mitoo ina ua la manjano, kunde la zambarau, nayo nyuki huyapenda. Anayetaka mlango wake upendeze haimlazimu kuchagua kati ya ua na mboga.

Tano, tuwaonye watoto. Mnavu mbichi wenye matunda ya kijani si wa kuchezea. Na lile ua la porini litambaalo, jekundu lenye manjano, ni zuri kwa macho tu. Kiazi chake ni sumu kali.

Ndugu zetu, mwaka huo huo wa 2008 tulihamishiwa Kiryandongo. Waliochuma mgagani wote hadi jani la mwisho walifika mikono mitupu. Walioacha mashina machache yakomae walifika na mbegu, nao ndio waliotugawia sote. Hilo ndilo somo letu kubwa: usile bustani yote.

Wako waliodharau mboga hizi kuwa chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya alizifanyia utafiti kwa miaka mingi akaonyesha wingi wa madini na vitamini zake, na mwaka 2014 akapewa Nishani ya Edinburgh. Sisi tuliona tu kwamba watoto walikula ugali wakamaliza.

Mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa mwaka 2020, na baada ya hapo ukapunguzwa tena. Kwa hiyo tuna maombi mawili. Wafanyakazi wa mashirika, mnapoleta mbegu za kabichi na nyanya, leteni na za kienyeji, kwa sababu hizo tunaweza kuzikamua wenyewe msimu ujao. Nanyi wakazi, kila nyumba ilete konzi moja ya mbegu kavu kwa kamati, ili mgeni anayefika apewe, kama tulivyopewa na watu wa Iyolwa.

Wale waliosema kupanda ni kusahau nyumbani, leo tunawajibu kwa upole: waliorudi Kenya walirudi na mbegu, na tuliobaki tumekula. Hakuna aliyepoteza.