Video ya Shahidi: Namna ya Kuitunza Hadi Ifike Mahakamani

(Mazungumzo na familia za waliohamishwa na viongozi wa mitaa, komini ya Kikula, Likasi)



Hapa Likasi hakuna anayehitaji kufundishwa maana ya kufukuzwa. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilitolewa katika nyumba zao na katika kazi za Gécamines. Zililala majuma na miezi kwenye stesheni zikingoja treni, na wengi walikufa kwa magonjwa na njaa. Ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa juu ya Kongo, iliyotolewa mwaka 2010, iliandika matukio 617 ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na mambo ya Shaba yamo. Lakini wale waliolala stesheni hawakuwa na simu za kupigia picha. Walibaki na maneno yao, na waliowafukuza nao walikuwa na maneno yao.

Leo simu iko karibu katika kila ua. Nimeombwa nieleze kama video ya shahidi inasaidia kitu.

Inasaidia. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kule La Haye, ilimtia hatiani Thomas Lubanga wa Ituri tarehe 14 Machi 2012, kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Majaji walikataa kutegemea ushuhuda wa vijana wengi walioletwa kusema kwamba walikuwa watoto askari. Video hazikukataliwa. Moja ilipigwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara, na ndani yake Lubanga mwenyewe anawahutubia askari wapya, wengine wakiwa watoto waziwazi.

Karibu na kwetu zaidi, mwezi wa Februari 2017 ilienea video ya askari wakiwapiga watu risasi Mwanza Lomba, Kasai-Oriental. Serikali ilisema kwanza kwamba ni picha za kutungwa. Mwezi uliofuata askari saba walikamatwa, na Julai mahakama ya kijeshi ikatoa hukumu.

Lishikeni neno hilo, "za kutungwa", kwa maana ndilo litakalosemwa juu ya video yenu pia. Kwa hiyo kazi kubwa huanza baada ya kupiga. Video ya kwanza, ile iliyo ndani ya simu, isikatwe, isiandikwe juu, isiwekewe muziki. (Vijana wetu wanapenda sana kuweka wimbo wa huzuni chini ya picha. Wakili wa mshtakiwa ataufurahia wimbo huo kuliko mtu yeyote.) Na msianze kwa kuituma WhatsApp kama video ya kawaida. Ikipita huko faili hupunguzwa, na alama za ndani zinazoonyesha saa na mahali hupotea. Nakilini faili lenyewe kwenye kadi mbili, zikae katika nyumba mbili tofauti. Katika daftari andikeni nani alipiga, siku gani, saa ngapi, na kila mtu aliyeipokea.

Wakati wa kupiga, usikimbilie damu peke yake. Onyesha pia barabara, kilima, kibao cha shule, mnara wa kanisa, kitu ambacho mgeni anaweza kukitafuta baadaye na kukikuta pale pale. Shikilia simu bila kutikisa kwa sekunde kumi kabla ya kugeuka. Kama kuna hatari, acha. Hakuna video inayolingana na maisha yako, na kwenye kizuizi cha askari simu ikae mfukoni.

Wengine mtasema, sisi tulikimbia bila kupiga chochote, basi tumechelewa. Hapana. Katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, Kivu ya Kusini, mauaji yalitokea mwaka 2012. Miaka ikapita, ndipo makovu ya walionusurika na mahali pa makaburi yalipopigwa picha kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness, ambayo hufunga saa na mahali pamoja na picha ili zisibadilishwe. Mwezi wa Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini ilipokea picha hizo, na makamanda wawili wa FDLR wakapewa kifungo cha maisha.

Sasa neno kwa viongozi. Mama aliyetendewa ubaya wa mwili asipigwe picha ya uso kwa sababu chefu ameamuru. Aulizwe peke yake, aelezwe nani ataiona, na akikataa iishie hapo. Akikubali, piga mikono yake, au kivuli chake ukutani, na jina lake liandikwe mahali pengine, mbali na video. Na kijana akikuletea kadi, usiifungue mbele ya watu wa mtaa. Video ya kabila moja ikilipigwa na jingine, ikionyeshwa sokoni Kikula, jioni hiyo hiyo inaweza kuleta mawe na moto kwa watu ambao hawakuwepo hata siku moja mahali pa tendo. Ipeleke kwa wakili au kwa shirika la haki za binadamu unalolifahamu, uombe karatasi ya kupokelewa, na ile kadi ya pili ibaki ilipo.