Nafasi Ipo, Uzito Umetimia



Kabla ya kufunga kontena la Malambo tunaomba jambo moja: tupime uzito, tusitazame nafasi tu. Vitabu na pampu hufikia kikomo kilichoandikwa mlangoni wakati nusu ya kontena bado tupu. Tangu Julai 2016 meli haipakii kontena ambalo uzito wake haujathibitishwa. Hapa nchini lori na mzigo wake havizidi tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake. Hivyo vitu vizito tuvitandaze sakafu nzima, tusivirundike upande mmoja. Faini ya mzani italipwa kwa sadaka zenu. Heri tubakize maboksi kumi ya vitabu kuliko kukwamisha vitanda vya wagonjwa njiani.