Radiatere ndogo kwa ordinatere ya chama

Hotuba kwa mkutano wa wanachama, Ankoro

Prezida aliniomba nieleze kwa nini bajeti yetu ina mstari mmoja unaoitwa "radiatere". Wengine wamekwisha kuuliza: je, chama kinanunua motokari? Hapana. Ni vipande vidogo vya aluminium, vya kubandika ndani ya ordinatere.

Tujiulize kwanza: mle ndani mna nini? Mna majina ya familia zilizorudi, michango ya kila mwezi, mikopo ya wamama wa soko, na orodha ya mashamba jinsi kila familia ilivyoyataja mbele ya majirani. Ankoro inajua bei ya kupoteza karatasi. Mapigano ya mwezi wa 11, mwaka 2002, yaliunguza nyumba nyingi sana hapa, na nyumba ikiungua, karatasi zake zinaungua pia. Kiisha, 2016 na 2017, vita kati ya Waluba na Watwa ikakimbiza watu tena katika jimbo letu. Mtu anarudi, anakuta mwingine analima shamba lake, naye hana kitu cha kuonyesha. Kwa hiyo mashine ile siyo pambo la ofisi.

Sasa, joto. Karibu umeme wote unaoingia ndani ya chipu unageuka kuwa joto. Ile chipu kubwa, inayofanya hesabu, kiwanda kiliipatia radiatere na vantilatere yake. Lakini juu ya ule ubao mkubwa, mafundi wanauita karte-mere, kuna chipu zingine ndogo: zile za kugawa umeme na zile za kupitisha habari. Mara nyingi ziko uchi. Zinangojea upepo wa vantilatere ya mkubwa wao. Vumbi la kiangazi likikaba vantilatere, hata hizi ndogo zinakosa upepo, na hakuna anayeziangalia.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme chipu inapita joto la chumba kwa digrii 45. Chumba kikiwa na digrii 22, chipu iko 67. Ofisi ya mabati, saa nane mchana, ikiwa na digrii 36, chipu iko 81. Ile mashine ndogo inayoitwa Raspberry Pi 4, ikikaribia digrii 80 inaanza kujipunguzia mwendo yenyewe, juu isiharibike. Na zile kopo ndogo za kutunza umeme, kondensa, mafundi wana kanuni yao: ukipunguza joto digrii 10, maisha yake yanakaribia kuongezeka mara mbili.

Radiatere inasaidia namna gani? Wamama wanajua. Bukari ikiwa rundo moja, katikati inabaki moto muda mrefu. Ukiitandaza kwenye sahani, inapoa haraka, sababu sehemu kubwa inaguswa na hewa. Zile mbavu za aluminium zinafanya vile: zinalitandaza joto. Aluminium inapitisha joto mara maelfu kuliko hewa iliyotulia. Shaba, hii hii ya Katanga, inapita hata aluminium, lakini ni nzito na ya bei. Kwa chipu ndogo aluminium inatosha. Tena radiatere ya namna hii haizunguki, haina kelele, haili umeme wa pano sola. Vantilatere ndogo inakula wati 1 ao 2, mchana na usiku.

Kazi yenyewe inataka uangalifu:

1. Zima mashine, chomoa waya, ngoja. Gusa chuma cha sanduku kwanza, ili umeme wa mwilini usiue chipu.
2. Toa vumbi kwa brashi laini. Panguza mgongo wa chipu na alkoli ya dawa, ngoja ikauke.
3. Tumia utepe wenye gundi uliotengenezwa kwa kupitisha joto. Ile dawa nyeupe ya mafundi inajaza vitundu vya hewa vizuri, lakini haishiki. Inataka kibano ao vis. Gundi ya viatu, hapana. Dawa ya meno, hapana.
4. Radiatere isizidi chipu mpaka iguse miguu ya kitu kingine. Aluminium inapitisha umeme pia. Ikianguka juu ya ubao, inaweza kuua mashine yote.
5. Soma digrii kwa programu mbele ya kazi na nyuma ya kazi, saa ile ile, kazi ile ile. Andika katika kitabu.

Tusidanganyane: radiatere haileti baridi. Inatoa joto kwenye chipu na kulipa hewa. Hewa ikifungwa, haisaidii kitu. Basi kile kitambaa kizuri cha kufunika mashine kitolewe wakati inafanya kazi. Meza isogezwe mbali na ukuta na dirisha la jua. Ordinatere ya kukunja haina nafasi ya mbavu. Ile tuisafishe na kuiinua kidogo tu.

Na hata mashine ikipoa, tusiweke majina yetu mahali pamoja. Kila siku ya posho, nakala moja kwenye kifunguo cha USB kinachokaa nyumba nyingine, na kila mwezi daftari iliyochapwa.

Kwa wahisani, neno moja kwa heshima. Mashine mpya inapigwa picha, tunashukuru. Utepe, brashi na alkoli havipigwi picha, lakini bila hivyo mashine mpya itakuwa nzee haraka. Tunaomba mstari ule mdogo usifutwe.

Kwa wanachama: tunataka vijana wawili, binti mmoja na kijana mmoja, wajifunze kazi hii, ili tusingojee fundi wa Kalemie kila mara. Anayetaka atoe jina lake kwa sekretere leo, mbele ya kutawanyika.